Nilitoa mshahara wote wa Januari, sasa mama anameza nusu kidonge

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mbeya, nina miaka 39, nimeolewa na tuna watoto watatu. Mume wangu ni fundi seremala. Kazi zikiwepo tunakula vizuri, zikikatika mshahara wangu ndio unaoshika nyumba. Nakuandikia saa saba usiku, nimejifunika shuka mpaka kichwani ili mwanga wa simu usimwamshe.

Niliokoka mwaka 2019. Kabla ya hapo tulisali pamoja Moravian, na mwenzangu bado yuko huko. Nilipohama hakunizuia, alisema tu, "Mungu ni yuleyule, ila usinisahau nyumbani." Kabla hujasoma mengine naomba ujue kwamba kanisa langu limenibeba. Nilipoharibikiwa na mimba ya nne, akina mama wa kanisani ndio walionifulia na kunikorogea uji wiki mbili nzima, na hawakuniomba hata nauli. Kwa hiyo usije ukadhani nimeangukia kwa matapeli.

Mshahara wangu wa msingi ni 990,000. Ukitoa kodi, pensheni ya PSSSF, bima ya afya, chama cha walimu, bodi ya mikopo na mkopo wa benki tuliojengea vyumba viwili, mkononi inabaki 439,000. Tunafundishwa kwamba zaka hutolewa kwenye mshahara kamili kabla haujaguswa na makato, hivyo kila mwezi natoa 99,000. Nimewahi kuruka mwezi mmoja tu, Septemba ya mwaka juzi, na mwezi huohuo mwanangu wa pili akavunjika mkono shuleni. Nilipomweleza mchungaji, akasema yule "alaye" wa kitabu cha Malaki amepita kwenye mlango niliouacha wazi mwenyewe. Tangu siku hiyo nikichelewesha bahasha hata siku mbili silali. Naamka usiku nasikiliza watoto wanavyopumua.

Novemba tulikuwa na harambee ya jengo. Ikasemwa, anayemwamini Mungu kwa milioni moja asimame. Nikajikuta nimesimama. Watu wakapiga makofi, nikaandikwa. Mpaka leo nimelipa 400,000, bado 600,000.

Januari ikaja malimbuko, yaani mshahara wa kwanza wa mwaka unatolewa wote. Somo lilikuwa mjane wa Sarepta, aliyempikia Eliya mkate kwanza kabla ya mwanawe na unga wake usiishe. Wakati huo kijana wetu mkubwa alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza shule ya bweni, na alikuwa bado nyumbani anasubiri mshahara huo. Ada hakuna, lakini fomu ya kujiunga ilitaka godoro, ndoo, shuka mbili, viatu, jembe, reki na rimu ya karatasi. Mshahara ukaingia. Jumapili nikauweka wote madhabahuni, 439,000. Nilitoka na amani ambayo sijui nikuelezeje. Jumatatu nikaenda kwa mtu wa kausha damu.

Nilikopa 400,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Kadi yangu ya benki anayo yeye, na namba ya siri anayo. Mshahara ukiingia anatoa 120,000 yake ya riba, nyingine ananikabidhi. Februari, Machi na Aprili ameshachukua 360,000 na bado namdai... samahani, ananidai 400,000 ileile.

Mume wangu hajui. Nilimwambia mshahara wa Januari umekwama kwenye uhakiki, akaniamini. Juzi aliniuliza kadi iko wapi, nikasema imemezwa na mashine.

Mama yangu ni mjane, yuko Tukuyu, ana presha na sukari. Nilikuwa namtumia 50,000 kila mwezi ya dawa. Tangu Januari nimetuma mara moja tu, 20,000. Wiki iliyopita aliniambia kwenye simu, "Usihangaike mwanangu, siku hizi nameza nusu nusu, zinasogea."

Sasa swali langu. Tuna mchezo wa walimu kumi na wawili, kila mmoja 50,000 kwa mwezi. Ulianza Januari, na mwezi ujao ni zamu yangu, ya tano. Nitapokea 600,000. Umeona? Ni kiasi kilekile kilichobaki kwenye ahadi. Nilipopiga hesabu nilisisimka mwili. Dada mmoja wa maombi ameniambia hiyo ndiyo mbegu ya kunitoa kwenye kifungo cha madeni, nisiile. Nikiitoa, si ndiyo imani? Na nikilipa deni, nitakuwa nimemwibia Mungu? Namwogopa mume wangu, lakini namwogopa Mungu zaidi.

Mwalimu, Mbeya

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Umeniuliza kuhusu 600,000, na tutafika huko. Lakini nimehesabu pia mara ulizotaja woga, na nimeona kitu kimoja: amani umeitaja mara moja tu, ile Jumapili ya malimbuko, nayo haikufika Jumanne. Kwingine kote unaogopa. Unamwogopa mumeo, unaogopa ukichelewesha bahasha, unaogopa watoto wasipumue. Nami nakuuliza taratibu, kama ningekuwa nimekaa kando ya kitanda chako: katika miezi hii, ni lini umemtumaini Mungu, na ni lini umekuwa ukimlipa ili asikudhuru? Usinijibu haraka. Huenda mambo yote mawili yamo ndani ya bahasha moja.

Nijitambulishe kidogo ili ujue unaongea na nani. Mimi ni Mlutheri wa Uchagani na zaka natoa. Nimekulia kwenye mnada wa nje ya kanisa baada ya ibada, ambako mayai, mkungu wa ndizi na kuku aliyefungwa miguu vilinadiwa mpaka mchana, na mama yangu hakuvuna mkungu wa kwanza bila kuupeleka. Kwa hiyo sitakucheka kwa kutoa. Ila nakumbuka pia kwamba mama akishapeleka mkungu ule, mgomba wa pili ulikuwa umesimama nyuma ya nyumba. Malimbuko ya mkulima huacha shamba. Ukifungua Kumbukumbu la Torati sura ya 26 utakuta mtu anatia sehemu ya mazao ya kwanza kwenye kikapu, anakipeleka, kisha anaambiwa afurahie mema yote pamoja na nyumba yake, Mlawi na mgeni. Kikapu, mwanangu, na baadaye furaha ya nyumba nzima. Mshahara wa mwezi wa mwajiriwa ni shamba lote la mwezi ule. Wapo wanaoutoa wote na nyumba zao hazitikisiki, kwa sababu wana akiba au mwenza mwenye kipato, na wamekubaliana. Siwahukumu. Nyumba yako haikuwa hivyo, na hukumuuliza uliyekubaliana naye kuijenga.

Sasa ule mkono uliovunjika. Hapa sina budi kuongea na moyo wako kabla ya mfuko wako. Umebeba kwa muda mrefu wazo kwamba mtoto wako aliumia kwa sababu ya 99,000. Nakuomba urudi kwenye Malaki sura ya 3 uisome kwa macho yako ya ualimu, kama unavyosahihisha insha. "Yeye alaye" wa mstari wa 11 ametajwa pamoja na mazao ya ardhi na mzabibu unaopukutisha matunda. Ni mharibifu wa shambani. Panda juu kidogo, mstari wa 5, kabla Mungu hajauliza habari ya kuibiwa zaka, utakuta anajitangaza shahidi dhidi ya wanaomwonea mwajiriwa katika mshahara wake, na mjane, na yatima. Rudi mpaka mwanzo wa sura ya 2 uone maneno makali yanaelekezwa kwa nani: kwa makuhani. Hiyo sura huwa inasomwa kwa kurukwarukwa. Wanafunzi wa Yesu nao walipomwona yule kipofu wa Yohana 9 waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, wakajibiwa hakuna. Watoto wa kiume wa umri ule huvunjika mikono, hata wa wachungaji. Sijui mchungaji wako alisema vile kwa nia gani; inawezekana aliamini anakusaidia. Lakini neno lile limekufanya usikilize pumzi za watoto usiku, na ni haki yako kulipima.

Na zaka yenyewe ilikuwa ya nini? Kumbukumbu la Torati 14 inasema wazi: kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Mjane. Mama yako wa Tukuyu ni mmoja wa watu ambao zaka ile iliwekwa kwa ajili yao.

Nimefika kwa mama, acha nikae hapa kidogo. Unajua lile neno Korbani, Marko sura ya 7? Yesu aliwakuta watu wenye dini yao safi kabisa, ambao mzazi akiwa na shida walimwambia: ile ambayo ningekusaidia nayo ni wakfu, nimeshampa Mungu. Hakuwasifu. Alisema wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Sikuletei mistari hii kukupiga nayo, mwanangu, najua unavyompenda mama yako. Ndiyo maana sentensi ya nusu kidonge umeiandika bila kuongeza neno hata moja baada yake. Nimeiona. Kuna msemo wa Daudi unaopendwa kwenye harambee, kwamba hatamtolea Mungu sadaka isiyomgharimu. Ni kweli kabisa. Basi tuulize, sadaka ya Januari imemgharimu nani? Wewe, ndiyo. Lakini na kijana aliyekaa nyumbani wenzake wakiwa wameshaanza topiki ya kwanza. Na mumeo anayetafuta kadi iliyomezwa na mashine ambayo haipo. Na mama. Je, wao walikuwa madhabahuni siku ile? Waliulizwa?

Hapa tu nitakuamuru kama mzazi, mengine yote utaamua mwenyewe: dawa za presha na sukari hazimezwi nusu ili zisogee. Presha inaweza kupanda bila dalili yoyote, na sukari isiyotulizwa hula macho, figo na miguu polepole. Mama apelekwe kituo cha afya apimwe, na amwambie daktari ukweli wa jinsi alivyokuwa anameza. Asirukie dozi kamili kwa kufidia kabla hajaonwa. Kisha kuna jambo ambalo huenda umelisahau: unakatwa bima ya NHIF kila mwezi. Utaratibu wa watumishi wa umma umekuwa ukimruhusu mchangiaji kuandikisha mwenza na wategemezi wanne, na wazazi wamo kwenye wategemezi. Wewe una watoto watatu. Nafasi ya nne ameandikwa nani?

Turudi kwenye zile 600,000 na ule msisimko. Mimi siwezi kukuambia kama Mungu hatumii namba zinazolingana. Lakini wewe ni mwalimu, hebu tupige hesabu ubaoni. Mchezo una watu kumi na wawili, zamu yako ni ya tano. Ukishapokea, utaendelea kuchangia miezi saba, Juni mpaka Desemba, 350,000. Maana yake zaidi ya nusu ya hiyo pesa ni ya walimu wenzako, wamekutangulizia kwa kukuamini. Ukiipanda yote, utakuwa umepanda mbegu ya jirani. Na tazama namba nyingine iliyolingana ambayo hukusisimka ulipoiona: deni la mtu wa kausha damu ni 400,000 pamoja na 120,000 ya mwezi, jumla 520,000. Katika 600,000 inabaki 80,000. Ni karibu miezi miwili ya dawa za mama. Kama ya kwanza ni ishara, kwa nini hii isiwe ishara?

Nataka pia uone unaishi na nini. Katika 439,000 ukitoa 120,000 ya riba, 99,000 ya zaka na 50,000 ya mchezo, inabaki 170,000 kwa mwezi mzima, nauli na chakula na mama na mtoto wa bweni. Ile zaka ya mshahara ghafi, ukiilinganisha na unachokishika mkononi, inazidi sehemu moja ya tano. Wakristo wanaompenda Mungu kweli wametofautiana miaka mingi kuhusu kupiga fungu la kumi kabla ya makato au baada, na wengine wanaamini Agano Jipya halikuweka kiwango kabisa. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kama nia ipo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Ungetoa 43,900 kwa uso mkunjufu ungekuwa mwizi? Mimi sioni hivyo, lakini ni dhamiri yako itakayolala na jibu, si yangu.

Unaweza kutoa zote 600,000. Sitakudharau ukifanya hivyo, na sitakuambia Mungu hawezi kukushangaza. Ila nenda ukijua kwamba mwezi utakaofuata kadi bado iko kwa yule bwana, riba inaendelea, wenzako wanasubiri 50,000 yao, na muujiza usipokuja kwa tarehe uliyompangia utaanza kutafuta ulipokosea, utoe tena. Huo mzunguko nimeuona kwenye barua nyingi.

Unaweza kulipa deni. Hatari yake si ya pesa, ni ya moyo: siku mtoto akikohoa utasema ni kwa sababu ya ahadi. Ndiyo maana nakuletea mjane mwingine. Yuko 2 Wafalme sura ya 4, mume amekufa, mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Alimlilia Elisha, na Elisha hakumwambia apande kitu. Alimuuliza, una nini nyumbani? Mafuta yakaongezeka, chombo baada ya chombo, na maagizo ya nabii yakawa haya: uza mafuta, lipa deni, kinachobaki kikulishe wewe na wanao. Muujiza wa Mungu, na matumizi yake ya kwanza ni kumlipa mdai. Mjane wa Sarepta anahubiriwa kila Januari, huyu wa mafuta sijui kwa nini hasikiki. Labda kwa kuwa hajengi jengo. Nisamehe, ulimi umeteleza.

Kuhusu ahadi yenyewe, sikuambii uichukulie kirahisi. Kitabu cha Mhubiri kinasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, na mtu wa neno lake ni hazina. Lakini Mungu aliyeamuru nadhiri zilipwe ndiye aliyeweka, katika Walawi 27, kipengele cha mtu aliyeweka nadhiri kisha akaonekana maskini kuliko kiwango: apelekwe mbele ya kuhani, naye kuhani amkadirie upya kwa kadiri ya uwezo wake. Njia ya kuongea ipo, na ipo kwenye Torati yenyewe! Unaweza kwenda kwa mchungaji, ikiwezekana na mmoja wa wale akina mama wa uji, ukasema: niliahidi milioni, nimelipa laki nne, nimeanguka kwenye deni, naomba kumalizia elfu ishirini ishirini kuanzia mwakani. Mchungaji wa kweli atakushukuru. Hatari ni kwamba anaweza asikuelewe, au ukasikia mambo yako mimbarini Jumapili inayofuata. Hapo utakuwa umejifunza jambo kuhusu mahali unapolishwa, na utaniandikia tena. Usianze kwa kudhani atakataa. Kanisa lililokufulia nguo wiki mbili halijakuonyesha sura moja tu.

Yule mtu wa mikopo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayekopesha kwa biashara awe na leseni ya Benki Kuu, na Benki Kuu imeweka kikomo cha riba kwa kampuni za mikopo midogo za kundi lake kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 400,000 hiyo ni 14,000. Yeye anachukua 120,000. Uliza kama ana leseni, uliza kwa upole na uwe na shahidi. Kuhusu kadi, benki inaweza kuifunga na kukupa nyingine yenye namba mpya siku utakayokwenda na kitambulisho. Hakuna mkataba wa benki unaoruhusu namba yako ya siri ikae kwa mtu mwingine. Ukifanya hivyo bila kumwambia atakuja nyumbani au shuleni kwa hasira, na mtaji wake bado ni wako kuulipa, kwa hiyo fikiria mpangilio: pengine umalize deni kwanza kwa maandishi, urudishiwe kadi, kisha bado uibadilishe. SACCOS ya walimu ni njia nyingine ya kuhamisha deni kwa riba ya kibinadamu, mradi makato yasile ile theluthi ya mshahara inayotakiwa kubaki. Ukishapata unafuu huo jihadhari usikope tena.

Mumeo nimemwacha mwisho kwa sababu nadhani ndiye unayemtaka nimguse na ndiye usiyetaka nimguse. Umeniambia unamwogopa. Kama unaogopa atakupiga, niambie, mazungumzo yatakuwa mengine kabisa na hutaongea naye ukiwa peke yako. Lakini mtu niliyemsoma kwenye barua yako ni yule aliyesema "usinisahau nyumbani" na akakuachia uende. Ukimwambia, atakasirika. Huenda atasema maneno kuhusu kanisa lako yatakayokuuma, au akae kimya wiki nzima kwenye karakana yake, na akina mama mkwe wakasikia. Usipomwambia, mashine iliyomeza kadi itahitaji uongo wa pili na wa tatu, na siku yule bwana wa riba akigonga mlango, atasikia habari za nyumba yake kutoka kwa mgeni. Wengine huanza kwa kuandika. Wewe unaandika vizuri. Barua uliyoniletea ukiondoa salamu zangu ni karibu yote ambayo angehitaji kujua. Usimpe akiwa na njaa wala akiwa ametoka kudai pesa ya kabati kwa mteja aliyemkimbia.

Na mnapoongea, msianze na malimbuko, mtagombana dini. Anzeni na kidonge cha mama.

Zamu yako ni mwezi ujao, muda upo. Kesho baada ya kipindi cha mwisho pita ofisi ya NHIF na kitambulisho chako, uulize ile nafasi ya nne.